Hati ya Nyumba na Kifo cha Okelo: Kuisoma Filamu ya Mississippi Masala kutoka Kisugu

Filamu ya Mississippi Masala, iliyoongozwa na Mira Nair kwa mswada wa Sooni Taraporevala na kutolewa mwaka 1991, imezoeleka kuhakikiwa kama kisa cha mapenzi baina ya Mina, binti wa Kihindi aliyezaliwa Uganda, na Demetrius, Mmarekani mweusi wa mji wa Greenwood. Uhakiki wa namna hiyo una haki yake, ila unamweka pembeni mhusika anayeufungua na kuufunga utungo: Jay, babake Mina, wakili aliyefukuzwa Kampala mwaka 1972 akarejea takribani miaka kumi na minane baadaye kuidai nyumba yake mahakamani. Makala haya yanashikilia kwamba urejeo wa Jay unabeba madai mawili, dai la mali na dai la mtu, na kwamba filamu, sawa na sheria za Uganda, imelipatia chombo dai la kwanza tu.

Mtu huyo ni Okelo, rafiki wa Jay tangu utotoni. Jay anapokamatwa kwa kumkosoa Idi Amin katika mahojiano na BBC, Okelo ndiye anayetoa rushwa ili aachiwe. Okelo huyohuyo ndiye anayemwambia kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi, na neno hilo linamchoma Jay kuliko amri ya siku 90 yenyewe. Anaondoka bila kumuaga. Kutoka Mississippi anaiandikia serikali ya Uganda barua baada ya barua kuhusu mali yake, na hapo Nair anaonyesha ujasiri wa kisanaa: aliyejeruhiwa na ubaguzi anampinga binti yake kwa hoja zinazofanana mno na zile zilizomfukuza. Mhamishwa hapa hakutakaswa na mateso yake. Tungo nyingi za uhamishoni hazithubutu kufika hapo.

Tatizo linaanza Jay akirudi. Anaiona nyumba yake iliyochakaa. Anaambiwa kwamba Okelo aliuawa muda mfupi baada ya familia yake kuondoka. Halafu anasimama katika umati unaocheza ngoma, mtoto asiyemjua anamshika uso, naye anaiacha ndoto ya kurejea kuishi Uganda. Picha hiyo ni nzuri, nami nakiri huniliza. Hata hivyo, kifo cha Okelo kinafanya kazi ya kumponya Jay tu. Filamu haitufikishi kwa jamaa za marehemu, wala haiulizi nani aliyemuua na kwa nini.

Tofauti hiyo inasomeka vyema zaidi kutoka mtaa kama Kisugu, katika tarafa ya Makindye, chini ya kilima cha Muyenga chenye majumba yanayolitazama Ziwa Viktoria. Wakazi wake wengi ni wapangaji, au wana kibanja tu juu ya ardhi ya mailo ya mtu mwingine. Mtazamaji wa huko hana hati kama ya Jay ya kupeleka mahakamani. Akiwa na ndugu aliyechukuliwa na watu wa Amin asirudi, alichobaki nacho ni jina.

Washauri wa sera wautazame mpangilio wenyewe. Mali za waliofukuzwa ziliundiwa bodi ya usimamizi tangu enzi ya Amin, kisha ikaja Sheria ya Mali Zilizotwaliwa ya mwaka 1982, ambayo kwayo wamiliki wa zamani walirejeshewa majumba, maduka na viwanda, hasa katika miaka ya 1990. Waliouawa na waliopotezwa walipata tume. Amin mwenyewe aliunda moja mwaka 1974 chini ya Jaji Mohamed Saied. Nyingine, ya Jaji Arthur Oder, iliundwa mwaka 1986 ikatoa ripoti mwaka 1994. Tume husikiliza na kuandika. Mjane wa mtu kama Okelo hakutungiwa sheria ya kumpa kile alichopewa mtu kama Jay: fomu ya kujaza, ofisi ya kuipeleka, na kitu mkononi mwishoni mwa safari. Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha Sera ya Taifa ya Haki ya Mpito mwaka 2019, miaka 40 ilikuwa imepita tangu Amin aangushwe.

Liko pia linalotuhusu sisi wanakiswahili. Mwaka 1973 Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa wengi jijini Kampala kilibaki kuwa lugha ya askari na ya vizuizi vya barabarani. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwalimu atakayekiingiza darasani Kisugu atawakuta watoto ambao bibi zao wanaikumbuka lugha hii kwa namna hiyo. Filamu hii, ikitiwa manukuu ya Kiswahili, ingefaa kuwa miongoni mwa matini zake za awali, mjadala ukianzia kwa Okelo: alipochukuliwa, nani alikwenda kumuulizia, na aliulizia kwa lugha gani?