Saa Saba Kasorobo Chini ya Jani la Sukuma

Picha yenyewe ni ya jani moja la sukuma wiki. Limejaza fremu nzima, hakuna anga wala ukuta nyuma yake. Mshipa mkubwa umekatiza kutoka kona hadi kona, na mishipa midogo imetawanyika kama vijito vinavyoelekea mtoni. Upande wa kulia kuna matundu matatu yaliyotobolewa na kiwavi, nayo yanang'aa kama taa. Niliipiga Jumamosi moja ya Februari, saa saba kasorobo mchana, nimelala chali juu ya gunia tupu nyuma ya nyumba tunayopanga Kawangware. Hiyo ndiyo saa ambayo vitabu vingi vya upigaji picha humshauri msomaji aiweke kamera ndani apumzike.

Nimeanza na picha hii kwa sababu inajibu swali ambalo wanaoanza huniuliza sana: niko Nairobi, sina nauli ya kwenda Maasai Mara, bustani yangu ni magunia manne ya mboga na mpapai mmoja, sasa nipige picha ya nini? Vitu vya kupiga vimejaa. Kinachotupungukia ni kujua kila kitu kinataka mwanga utokee upande gani, na jua la mji huu huwa upande huo saa ngapi. Jumamosi ile niliifuata kanuni hiyo tangu alfajiri mpaka giza lilipoingia, kutoka kiwanjani petu hadi katikati ya jiji. Nitaeleza hatua kwa hatua.

Jua letu lina mwendo wake

Nairobi iko kusini ya Ikweta kwa digrii 1.3 tu. Jua likichomoza hupanda karibu wima, digrii 15 kila saa. Ule mwanga laini wa manjano ambao wapiga picha wanauita saa ya dhahabu hudumu jua likiwa bado chini ya digrii 6 hivi. Kwetu jua humaliza mwendo huo kwa dakika 24. London mwezi Juni, ambako jua hupanda kwa mshazari, mwendo uleule huchukua karibu dakika 50. Masomo mengi tunayosoma yameandikwa na watu wa huko. Anayeyafuata neno kwa neno hapa atapata kipande kidogo cha asubuhi na kingine cha jioni, na siku nzima iliyobaki ataihesabu kuwa hasara.

Katikati ya Februari jua letu hufika kileleni mnamo saa saba kasorobo. Halifiki saa sita kamili kwa sababu saa za Kenya zimepangwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, na Nairobi iko karibu na digrii 37. Wakati huo mtu wa urefu wa sentimita 170 huwa na kivuli cha sentimita 35 hivi, kimeelekea kaskazini. Ikifika katikati ya Machi kivuli hicho karibu kinatoweka kabisa. Mwanga unaotoka utosini namna hii huharibu uso wa mtu: macho yanakuwa mashimo meusi na pua inaangusha kivuli mdomoni. Kwa vitu vingine, mwanga huohuo ni zawadi.

Asubuhi: vitu vyenye makovu

Saa moja kasorobo jua lilikuwa limechomoza tu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye shina la mpapai. Kila jani la mpapai linapodondoka huacha kovu, na shina la mti uliokomaa limepangika makovu kuanzia chini hadi juu. Mchana hayaonekani vizuri, shina huwa kama bomba la kijivu. Jua likiwa chini, mwanga hupita ubavuni, kila kovu linaangusha kivuli chake kidogo, na shina linasomeka kama maandishi.

Nilisimama ili jua liwe mkono wangu wa kulia, na shina liwe mbele yangu. Kwa kipenyo cha f/8 makovu yote ya mbele yalitoka wazi. Nilikuwa na dakika ishirini na kitu, kwa hiyo shina nilikuwa nimelichagua tangu Ijumaa jioni. Asubuhi ya Nairobi haimsubiri mtu anayetangatanga kutafuta cha kupiga. Anayetaka maganda ya kila namna aende Arboretum, karibu na Ikulu. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti inayokua haraka ili reli ipate kuni za injini, na leo ina zaidi ya aina 350 za miti. Akifika huko aelekeze lenzi kwenye miti, asiielekeze kwenye ua wa Ikulu.

Saa tatu: vitu vinavyong'aa

Mshubiri wa jirani hutoa maua kiangazi, na maua hayo huwaleta chozi. Ndege huyu mdogo ananifundisha kuhusu mwanga kuliko kitu kingine chochote kiwanjani. Ule mng'ao wa kijani na shaba wa dume hautokani na rangi iliyo ndani ya manyoya. Unatokana na umbile la manyoya yenyewe, linalorudisha mwanga kwa pembe maalumu. Jua likiwa nyuma ya ndege, unapata ndege mweusi. Likiwa nyuma ya bega lako, ndege yuleyule anawaka.

Kwa hiyo sikumfukuzia ndege. Nilikaa kwenye kigoda, jua likiwa mgongoni, nikaielekeza lenzi yangu kuukuu ya milimita 200 kwenye bua moja la ua, nikafunga fokasi hapo. Chozi wetu mara nyingi hutua anapofyonza, tofauti na ndege wavumaji wa Amerika wanaofyonza wakielea hewani, na hurudi kwenye mashina yaleyale. Nilitumia kasi ya shata 1/1000 ya sekunde, f/8, ISO 400. Alikuja mara tano kwa muda wa saa moja. Mara nne aligeuza kichwa akawa mweusi. Mara ya tano koo lake liligeukia jua, nikaipata.

Saa saba: vitu vinavyopitisha mwanga

Hapa ndipo jani la sukuma lilipoingia. Jani ni jembamba, na jua likiwa juu kabisa hulipiga mgongoni na kutokea upande wa chini. Ukisimama unaona ule mng'ao wa nta unaochosha macho. Ukilala chini yake unaona kijani kinachowaka na kila mshipa.

Kuna mambo mawili ya kiufundi. La kwanza ni kipimo. Kuna kanuni ya zamani isemayo kwamba kwenye jua kali, kipenyo kikiwa f/16, kasi ya shata ilingane na ISO. Kwa ISO 200 hiyo ni 1/200, au 1/800 ukifungua kipenyo hadi f/8. Lakini kanuni hiyo ni ya kitu kinachopigwa na jua usoni. Jani huzuia sehemu kubwa ya mwanga, kwa hiyo nilishuka hatua kwa hatua hadi 1/125 ndipo kijani kikatoka sawa. Mwenye simu abonyeze jani kwenye kioo na kushikilia, mpaka simu ifunge kipimo hapo.

La pili ni mandhari ya nyuma. Anga ikionekana hata kwa ukucha, inageuka doa jeupe linalovuta jicho. Nilisogea hadi sentimita 60 hivi, jani likajaza fremu yote, na yale matundu ya kiwavi pekee yakabaki kuwa madirisha. Fanya hivyohivyo kwa jani la mgomba, la boga, au la kunde. Na kwa kuwa jua letu hukaa juu saa nyingi, muda wa kazi hii ni mrefu kuliko ule wa dhahabu: tangu saa tano hadi saa tisa hivi.

Kabla ya kwenda mjini nilipitia Barabara ya Gitanga, kwenye ua wa bogenvilia, nikaomba ruhusa kwa soja wa getini. Wengi hudhani zile karatasi za zambarau ndizo maua. Hizo ni majani yaliyobadilika rangi. Maua yenyewe ni vijirija vyembamba vya rangi ya maziwa vilivyosimama katikati, kwa kawaida vitatu, vidogo kuliko njiti ya kiberiti. Ili kuvifikia nilitoa lenzi ya milimita 50, nikaigeuza kinyume, nikaishikilia kwa mkono mbele ya kamera. Ikigeuzwa hivyo, kitu cha upana wa kidole gumba hujaza fremu. Fokasi haizungushwi tena. Unasogeza mwili mbele na nyuma polepole, huku umezuia pumzi.

Jua lilikuwa kali mno kwa rangi ile, nikatandaza juu yake kipande cha chandarua cheupe kilichokunjwa mara mbili. Vivuli vikalainika. Nilipunguza pia kipimo kidogo, kwa sababu wekundu na zambarau hujaa kwenye kihisio cha kamera kabla ya rangi nyingine, na zikishajaa, mishipa ya ua hupotea na hairudishwi na programu yoyote.

Mjini: kivuli chenye mwanga

Matatu ya 46 ilinishusha Kenyatta Avenue saa nane na nusu. Bustani ya mtu wa mjini asiye na bustani ni Jeevanjee. Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi wa Nairobi uwanja huu mwaka 1906. Mwaka 1991 ulipotokea mpango wa kujenga juu yake, mjukuu wake Zarina Patel aliongoza upinzani hadi mpango ukakwama. Mpiga picha ana sababu yake mahususi ya kushukuru: miti ile inatupa kivuli katikati ya zege.

Kivuli kinatumika hivi. Mtu akikaa hatua moja ndani ya kivuli, ameelekea njia iliyopigwa na jua, ardhi inageuka taa. Mwanga unapiga chini, unaruka, unaingia usoni kutoka mbele na kujaza yale mashimo ya macho. Nilimwomba mzee mmoja aliyekuwa anasoma gazeti ageuke kidogo tu kwenye benchi lake. Hakuhama, na uso ukafunguka.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi kwa wauza maua wa City Market, Mtaa wa Muindi Mbingu. Mama mmoja alikuwa anapara miiba ya waridi kwa kisu, mikono imelowa.

"Mama, naomba nipige picha."

"Piga maua, mwanangu. Mimi uniache."

"Na mikono, pamoja na maua?"

Alifikiri, akakubali. Nilipiga mwanga ukitokea ubavuni, kama nilivyofanya kwa mpapai. Wiki iliyofuata nilimpelekea nakala. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Hii ni mikono ya nyanya yangu." Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemsoma kama shina la mti, kila mkunjo umeangusha kivuli. Nikamwomba asimame akielekea barabarani ili mwanga umpige kutoka mbele, nikapiga tena. Ya pili aliipokea akaiweka kwenye mkoba. Tangu siku hiyo najua kwamba kuchagua upande wa mwanga ni kusema jambo juu ya mtu, na mwenyewe ana haki ya kuulizwa.

Jioni: vitu vinavyozuia mwanga

Kazi ya mwisho ilikuwa karibu na Uwanja wa Nyayo, ambako wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni, marabou, hulala juu ya migunga kando ya Barabara ya Mombasa. Jua lilizama saa moja kasoro dakika kumi hivi. Hapa kitu chenyewe hakipitishi mwanga wala hakiurudishi. Kinauzuia njia, na thamani yake yote iko kwenye umbo. Nilipima anga peke yake, f/5.6, 1/250, ISO 800, nikawaacha ndege wawe weusi. Nilisubiri kila mmoja atenganishe mdomo na mwili, kwa sababu umbo likijikunja linakuwa donge. Giza letu nalo huja haraka, dakika ishirini hivi basi. Nilipata picha mbili nzuri.

Kwa anayetaka kujaribu, zoezi ni moja. Chagua kitu kimoja kilicho karibu na mlango wako, ukipige saa moja, saa tatu, saa saba na saa kumi na mbili jioni, kisha uzitandaze picha nne mezani. Mimi nilirudia zoezi hilo kwa lile jani la sukuma, siku tatu mfululizo. Siku ya pili matundu yalikuwa matano. Siku ya tatu yalikuwa tisa, na kiwavi mwenyewe akaonekana, kivuli chake kimechorwa juu ya kijani kinachowaka. Siku ya nne nilipolala chini na kamera nilikuta bua limekatwa. Mboga ilikuwa imechumwa kwa chakula cha jioni, nikahamia kwenye jani lililofuata.