Gramu Moja katika Magunia Elfu

Kazi ya kupima mabaki ya dawa kwenye mchele inaanzia ghalani, na chombo chake cha kwanza ni bambo. Kila mfanyabiashara wa nafaka analijua: mrija wa chuma wenye ncha ya mkuki, ukiuchoma kwenye gunia punje zinateremka hadi kiganjani. Mnunuzi huchoma mara moja, gunia lililo karibu, anatazama chenga, anauma punje mbili, anataja bei. Anayechukua sampuli ya kupima mabaki ya viuatilifu haruhusiwi kuchoma palipo karibu. Atapanda juu ya rundo, atainama hadi gunia la chini kabisa, atachoma juu, katikati na chini, kwa sababu dawa haikutapakaa shambani sawasawa. Jaruba la ukingoni huenda lilipigwa mara mbili kwa kuwa bomba lilibakiwa na dawa. La mbali halikufikiwa. Na pengine gunia moja lilitiwa dawa ya unga humohumo ghalani, kwa hofu ya fukusi.

Punje zote humwagwa juu ya turubai safi. Hapo nilijifunza kunyamaza na kutazama. Anazikusanya ziwe kilima, anakibonyeza kilima kiwe bapa, anakigawa robo nne kwa ubao. Robo mbili zinazotazamana anazirudisha kwa mwenyewe, mbili zilizobaki anazichanganya, anajenga kilima kingine, anagawa tena. Inachosha kutazama, sembuse kufanya. Lakini kila mgawanyo unalinda haki ya punje zisizoonekana, mpaka ghala zima linasimama ndani ya mfuko wa kilo 1, ambao ndio uzito mdogo kabisa wa sampuli ya nafaka unaokubaliwa na mwongozo wa kimataifa wa chakula uitwao Codex. Mfuko unafungwa, unaandikwa, unatiwa sahihi. Aliyewahi kumwona bibi akipepeta kwa ungo, pumba zikiruka na mchele ukibaki, ataitambua mikono ya namna hiyo.

Uangalifu wote huo una sababu. Kwa viuatilifu vingi visivyowekewa kiwango maalumu, Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 0.01 tu kwa kilo. Maana yake ni gramu moja ndani ya tani 100: magunia elfu moja ya kilo mia mia, na ndani yake gramu moja imetawanyika. Mwaka 2017 tricyclazole, dawa ya ukungu wa mpunga, ilishushwa kutoka miligramu 1 hadi hiyo 0.01, na wakulima wa basmati wa India na Pakistan wakajikuta wakihukumiwa kwa mizani iliyokazwa mara mia. Mizani ya namna hiyo ikishikwa na mkono mzembe, anayeumia ni mwenye ekari mbili.

Kiswahili kinamsaidia mpimaji katika jambo moja. Sisi tuna mpunga, mchele na wali; hatuchanganyi. Mabaki mengi hukaa kwenye ganda na pumba, kwa hiyo matokeo ya mpunga si matokeo ya mchele uliokobolewa, na mchele wa kahawia si mchele mweupe. Fomu isiyosema ni kipi kilichosagwa haina thamani, hata mashine iwe ya bei gani.

Maabarani, kwa mfano katika ile ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kule Arusha, sampuli inasagwa taratibu, maana kinu kikipata joto baadhi ya dawa hupeperuka. Kisha inafuatwa njia iitwayo QuEChERS, iliyochapishwa mwaka 2003 na Michelangelo Anastassiades, Steven Lehotay na wenzao. Herufi hizo zinataja sifa zake: ya haraka, rahisi, nafuu, yenye ufanisi, imara, salama. Kabla yake kazi hii ilitaka vyombo vingi vya kioo na vimiminika vya sumu kwa malita. Sasa inatosha gramu 5 za unga ndani ya mrija wa plastiki. Kwanza unaongezwa maji na kuachwa ulowe, kwa sababu unga mkavu ni bahili. Hautoi kilichomo mpaka unywe. Kinafuata kimiminika kiitwacho asetonitrili, halafu chumvi mbili, ya mezani na ya magnesi. Chumvi ya magnesi inapokutana na maji mrija unapata joto mkononi, na hapo mpimaji hangoji: anautikisa kwa nguvu papo hapo, la sivyo chumvi inaganda kama jiwe na kushika dawa ndani. Mashine inazungusha mirija kwa kasi, maji na unga vinabaki chini, na dawa inakaa juu ndani ya asetonitrili, angavu.

Linabaki kusafisha mafuta na rangi, na ndipo ujuzi unapojitenga na mazoea. Unga mweupe unaotumika kunasa asidi za mafuta hunasa pia viuagugu vyenye asili ya asidi, ikiwemo 2,4-D, ambayo imeenea sana kwenye majaruba yetu. Mpimaji asiyejua hilo atasafisha sampuli, ataiondoa 2,4-D kwa mkono wake mwenyewe, halafu ataandika kwamba mchele ni safi. Glyphosate nayo haitoki kabisa kwa njia hii. Inataka njia yake. Ndiyo maana mpimaji mahiri anauliza mkulima alipiga nini, lini, siku ngapi kabla ya kuvuna. Daftari la mkulima, lenye tope pembeni, ni sehemu ya mtambo. Nalo lina mipaka: ndege aina ya kwelea kwelea hupuliziwa fenthion kutoka angani kwenye malalo yao, na hilo mkulima hakulipanga wala hakuliandika.

Kinachonigusa kuliko vyote ni mchele safi. Mafuta na vitu vingine vya mchele hufifisha sauti ya dawa ndani ya mashine ya kupimia, kwa hiyo huwezi kulinganisha sampuli na dawa iliyoyeyushwa peke yake. Unahitaji mchele ambao haujawahi kupigwa chochote. Humo mpimaji anatia dawa kwa kiasi anachokijua, kisha anajipima mwenyewe: akiweka 100, arudishe kati ya 70 na 120, mara tano mfululizo, bila kuyumba. Asipofaulu, hagusi sampuli ya mtu. Na mchele huo hautengenezwi kiwandani. Unatoka kwa mkulima mdogo anayepalilia kwa mkono na kuacha bata watembee jarubani.

Hata baada ya yote hayo haandiki kwamba dawa haimo. Anaandika kwamba haikugunduliwa, na pembeni anaweka namba ambayo chini yake jicho lake halifiki.

Kwenye rafu ya chini ya friza kuna chupa yenye mchele huo safi, imeandikwa msimu na kijiji. Nilipoiona ilikuwa imebaki robo, na mpimaji alikuwa ameshampigia simu mwenye shamba kuuliza mavuno yanaanza lini.