Mkono wa Kushoto wa Alfajiri

Edward FitzGerald alipotoa tafsiri yake ya Kiingereza ya rubai za Omar Khayyam mwaka 1859, ile ya pili ilifunguka kwa alfajiri iliyonyosha mkono wa kushoto mbinguni. Mwaka 1868 akaufuta mkono, akatia mzuka wa asubuhi ya uongo. Naona aliharibu.

Waingereza walihitaji kufafanuliwa; mla daku hahitaji. Ni ule weupe hafifu usimamao wima mashariki, mithili ya mkia wa mbwa mwitu, kabla alfajiri ya kweli haijatanda upeoni. Kule Nishapur, mji wa Khayyam, huonekana vyema Septemba na Oktoba. Ni nuru ya jua iliyoangukia vumbi lililo baina ya sayari. Mzuka u wapi hapo? Uongo wake ni wa saa tu.

Mkono ulitosha. Kwetu kitolewacho kwa kushoto hakipokelewi, basi sauti ya kilabuni iitayo saa hiyo (nayo, tazama, yamtangulia muadhini!) tunaitilia shaka wenyewe, bila kuambiwa. Mfasiri wa Kiswahili atakayeshika chapa ya 1868, kwa kuwa istilahi yake tunayo tayari, atapata usahihi wa fikihi, aikose mbingu.