CNC ya Mtumba na Hesabu za Mwenyewe wa Kwanza

Mtu akinunua mashine ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, iliyokwisha kutumika, macho yake huenda kwanza kwenye vyuma: fremu imenyooka au imepinda, parafujo zina kutu au hazina, mota zinazunguka au zimekufa. Ukaguzi huo ni wa lazima, ila mashine hii ina sehemu nyingine isiyoonekana, nayo ni namba zilizohifadhiwa kwenye bodi yake. Ziliwekwa na mwenyewe wa kwanza kufuatana na vifaa alivyokuwa navyo na kazi aliyoitaka, na hubaki humo hata umeme ukizimwa kwa miaka. Anayeanza kazi bila kuzisoma anafuata maamuzi ya mtu asiyemjua.

Ninachochambua hapa ni jinsi kijana mmoja, fundi samani wa Keko, Dar es Salaam, alivyoiandaa mashine ya namna hiyo ili achonge maua kwenye milango ya kabati. Mbao anazijua vizuri, lakini CNC hakuwahi kuigusa. Aliyoinunua ni ya aina ya 3018, jina linalotokana na eneo lake la kazi, sentimita 30 kwa 18. Bodi yake ya asili ilikwisha kuondolewa. Mahali pake palikuwa na Arduino Uno, na juu yake bodi ya pili yenye draiva tatu za A4988, moja kwa kila mhimili. Programu iliyomo ni Grbl, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway na kutolewa bure. Inapokea maagizo ya G-code kutoka kwenye laptop na kuyageuza kuwa mapigo ya umeme yanayozungusha mota.

Kwenye mapigo hayo ndipo penye shina la mambo yote. Mota ya hatua ya kawaida hukamilisha mzunguko kwa hatua 200. Draiva ikigawa kila hatua mara 16, mzunguko mmoja unahitaji mapigo 3,200. Parafujo za 3018 kwa kawaida husogeza nati milimita 4 kwa kila mzunguko, kwa hiyo 3,200 gawanya kwa 4 ni mapigo 800 kwa milimita. Grbl huihifadhi namba hiyo kwa jina la $100 kwa mhimili wa X, $101 kwa Y na $102 kwa Z. Ikiambiwa isogee milimita 10, bodi hutoa mapigo 8,000 na kuamini kuwa imefika. Haipimi chochote. Mota ikikwama au nati ikilegea, bodi haina habari, inaendelea kuhesabu.

Jambo lake la kwanza ndilo lililoniridhisha kuliko yote. Aliunganisha waya wa USB peke yake, bila ule umeme wa volti 24 unaolisha mota, akaweka mawasiliano kwenye kasi ya 115200, akaandika $$. Grbl ikaonyesha namba zake zote. Akazihifadhi kwenye faili na kuzinakili kwenye daftari kabla ya kubadili hata moja. Aliyemuuzia alikuwa amemshauri vingine: “Mdogo wangu, futa zote kwa $RST=$, halafu weka 800 kila mahali. 3018 zote ndivyo zilivyo.” Ushauri huo huwapotosha wengi. Grbl haijui imefungwa kwenye mashine gani. Ukifuta, inarudi kwenye namba zake za jumla, ambazo kwa kawaida ni mapigo 250 kwa milimita, na hizo hazihusiani kabisa na parafujo hizi. Halafu unakuwa umepoteza ushahidi wa kile mwenyewe wa kwanza alichokifanya kwenye mashine.

Na ushahidi ulikuwepo. X ilikuwa 800, Z ilikuwa 800, lakini Y ilikuwa 400. Mtu mwenye haraka angeiona 400 kuwa kosa na kuisahihisha. Yeye alizima kila kitu, akaweka alama kwa kalamu kwenye mhimili wa mota ya Y, akauzungusha kwa mkono mzunguko mmoja kamili, akapima kwa kalipa. Meza ilisogea milimita 8. Kumbe parafujo ya Y ilishabadilishwa ikawekwa yenye mwendo mrefu zaidi, na 3,200 gawanya kwa 8 ni 400 barabara. Angeweka 800 kama alivyoambiwa, kila milimita 10 za Y zingekuwa 20, na biti ingeigonga fremu kwenye kazi yake ya kwanza.

Namba nyingine iliyohitaji jicho ilikuwa $32, ambayo ilikuwa 1. Maana yake mashine iliwahi kufungwa leza. Katika hali hiyo Grbl huzima kifaa cha kukatia kila mashine inapohama haraka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, kisha hukiwasha tena papo hapo kukata kunapoanza. Leza haidhuriki kwa hilo. Spindo, yaani mota inayozungusha biti, inahitaji muda kushika kasi, na biti inayoshuka kwenye mninga kabla haijashika kasi huvunjika. Akaandika $32=0.

Bado hakuwa amewasha umeme wa mota. Kila A4988 ina kiskrubu kidogo kinachopanga ni ampea ngapi ziende kwenye mota, na kipimo chake husomwa kwa multimita hata USB ikiwa peke yake. Hapa pana mtego ambao mafundi wa redio watautambua upesi: hesabu inategemea vile virezista viwili vidogo vilivyo kwenye draiva. Vikiwa vimeandikwa R100, volti unazosoma unagawanya kwa 0.8 kupata ampea. Vikiwa R050, unagawanya kwa 0.4. Volti 0.8 ileile ni ampea 1 kwenye draiva moja na ampea 2 kwenye nyingine, na ampea 2 kwa A4988 bila feni ni kuiunguza. Kwenye mashine ya mtumba draiva tatu zinaweza kuwa zimetoka maduka matatu, kwa hiyo alisoma rezista za kila moja kabla ya kugusa kiskrubu. Kanuni moja ya hapo haina msamaha: waya wa mota hauchomolewi wala kuchomekwa umeme ukiwa umewaka, kwa sababu draiva hufa papo hapo.

Mota zilipoanza kutembea ndipo kazi ya vipimo ilipoanza. Aliagiza X isogee milimita 100 kwenda na kurudi, na kalipa ikaonyesha pungufu kidogo upande wa kurudi. Kuna kanuni inayofundishwa kila mahali: chukua mapigo ya sasa, zidisha kwa umbali ulioagizwa, gawanya kwa umbali uliopimwa, andika jibu. Kanuni ni sahihi, ila hutumiwa mahali pasipo pake. Mashine ikikosea mara mbili au nusu, chanzo ni parafujo au jampa zinazogawa hatua kwenye bodi. Ikikosea kwa sehemu ndogo inayojitokeza pale tu mwelekeo unapobadilika, chanzo ni mchezo, yaani ulegevu, kati ya nati na parafujo. Mchezo ni kiasi kilekile kwa milimita 5 na kwa milimita 100. Ukiuingiza kwenye mapigo kwa milimita, umerekebisha urefu mmoja na kuharibu mwingine wote. Parafujo hizi hesabu yake hutoka kamili, 800 au 400. Mtu akiniletea 803.2, mimi humwuliza kwanza nati yake ameikagua lini.

Grbl haina njia ya kufidia mchezo kwa programu, kwa hiyo dawa yake iko mikononi mwa fundi. Alifungua nati ya X, akakuta hesi zimejaa unga wa mbao ulioshikana na grisi. Akasafisha kwa brashi na mafuta ya taa, akaweka nati ya pili yenye springi inayosukumana na ya kwanza, kisha akakaza kapling ya mota ambayo bolti yake ndogo ilikuwa imelegea. Nadhani kapling ndiyo iliyokuwa mkosaji mkubwa. Ni kitu cha kukaguliwa kabla ya vyote, na mara nyingi husahaulika.

Badala ya kukata, alifunga kalamu kwenye spindo na kuchora mraba wa milimita 100. Mistari miwili ya pembe kwa pembe lazima iwe milimita 141.4 kila mmoja. Mmoja ukizidi mwingine, X na Y hazijakaa kwa pembe mraba, na hakuna namba ya Grbl itakayoziweka sawa. Zinalegezwa bolti za fremu, inapimwa upya, inakazwa. Kisha akachora duara. Duara lenye mchezo huonyesha vipande vilivyonyooka sehemu nne, pale kila mhimili unapogeuza mwelekeo. Duara lililorefuka kama yai maana yake mhimili mmoja una mapigo yasiyo sahihi. Karatasi moja na kalamu vinatoa majibu haya yote bila kuvunja biti.

Kukata kwenyewe kulikuwa na somo moja la maana. Anayeanza huogopa na kuiendesha biti polepole mno. Biti yenye makali mawili, ikizunguka mara 8,000 kwa dakika na kila kali likila milimita 0.03, inatakiwa isogee 8,000 mara 2 mara 0.03, yaani milimita 480 kwa dakika. Ukiipunguza hadi 100 kwa woga, makali hayakati bali yanasugua. Mbao inaungua, na badala ya maranda unapata unga mweusi. Kinachopunguzwa ni kina. Alianza kwenye MDF, kisha mninga kwa kina cha nusu milimita kila pito, akiwa na miwani na barakoa, kwa sababu unga wa mninga hukera kifua. Koleti, yaani kishikio cha biti, ilikuwa imara kwa kuwa aliibana kwanza ndani ya nati yake mpaka ikalia, ndipo akaifunga kwenye spindo. Ukiitumbukiza koleti kwenye spindo bila hivyo, biti hukaa upande.

Linalobaki ni umeme. Ukikatika katikati ya kazi, laptop ina betri, na Arduino inakula umeme wa laptop kupitia USB. Mota zimekufa, lakini Grbl inaendelea kuhesabu mapigo kana kwamba biti inatembea. Umeme ukirudi, biti inashtuka na kuendelea kutoka mahali pasipo pake, ikichana kazi au kugonga vibano. Amefunga rilei inayojishikilia kwenye umeme wa volti 24: umeme ukikatika rilei inaachia, na hairudi mpaka abonyeze kitufe mwenyewe. Kabla ya kukibonyeza husimamisha programu, kisha huirudisha biti kwenye kona ya kuanzia yenye pini mbili za chuma, na kuanza kuhesabu upya.

Swichi za mwisho, zitakazoiwezesha mashine kutafuta mwanzo wake yenyewe, bado hajazifunga. Za X na Y ni rahisi. Ya Z inataka uangalifu, kwa kuwa maandishi ya bodi ile ya juu ni ya enzi za Grbl ya zamani: tangu toleo la 0.9, swichi ya Z inasomwa kwenye pini ya 12, ambayo kwenye bodi imeandikwa kuwa ya spindo, na palipoandikwa Z ndipo inapotokea ishara ya spindo. Akizifunga hivyo na kuweka $22=1, agizo la $H litaipandisha Z kwanza, kisha kuzipeleka X na Y kwenye swichi zao.