Kabla ya Kuusifu Mwanga, Kagua Kivuli

Katika animesheni ya kompyuta, kivuli mara nyingi hutolewa kama tabaka lake, mbali na mwanga, kisha fundi huyaunganisha. Mkurugenzi akitaka kivuli kilegezwe kidogo, hakuna haja ya kuichora picha nzima upya. Uhuru huo huzaa kazi bora, na huzaa uzembe vilevile.

Anza na weusi wa kivuli. Fundi mzembe hulimwaga tabaka la kivuli juu ya picha kama wino, ilhali kivuli ni upungufu wa taa moja tu. Nyingine zinaendelea kuwaka. Mchana wa jua, kivuli kwenye ukuta wa chokaa hubeba ubuluu kidogo, maana jua limezibwa lakini anga bado linamulika. Kikiwa kijivu kitupu, kazi haijaiva. Na mng'aro wa jua kwenye bati nao sharti uzimike kivuli kinapopita juu yake.

Kosa baya kuliko yote ni kivuli juu ya kivuli. Mhusika wa kompyuta anapita chini ya mwembe uliopigwa picha halisi, na kivuli chake kinazidisha giza ndani ya kivuli cha mti. Haiwezekani: jua lililokwisha kuzibwa na majani halizibwi mara ya pili. Hapo kivuli chake kimezwe, libaki giza hafifu tu pale nyayo zinapokanyaga.

Halafu ukingo. Jua tunaliona na upana wa takriban nusu digrii, kwa hiyo likiwa utosini ukingo wa kivuli hutawanyika karibu sentimita 1 kwa kila mita 1 kati ya kitu na ardhi. Kivuli cha kiatu kikatike wazi, cha tawi la juu kilainike. Ukungu ulio sawa kote ni dalili kwamba mtu alikilainisha kivuli chote kwa mkupuo mmoja.

Ukitaka kipimo, rudi kwenye filamu ya Who Framed Roger Rabbit ya 1988. Ni kazi ya kalamu, si ya kompyuta, lakini vivuli vya Roger, sungura wa filamu hiyo, vilichorwa kama matabaka ya peke yake, vikaunganishwa na picha za waigizaji. Kuna mahali taa inayoning'inia inagongwa na kuanza kuyumba, na kivuli kinahama mwilini mwa Roger kwa kila bembea. Isimamishe filamu hapo, uipitishe fremu moja moja, ndipo uhukumu kazi za leo.