Majimaji Haimo Kwenye Mada ya Leo

Washa redio Songea asubuhi ya siku ya kazi, iwe dukani Mfaranyaki au ndani ya bajaji inayotoka Lizaboni, na hutachelewa kukuta watu wanne wanabishana. Wanabishana juu ya Simba na Yanga. Mji huu una klabu yake, Majimaji, iliyotwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1985, ikautetea 1986, ikaurudia tena 1998. Una Uwanja wa Majimaji, uliobeba jina la vita ambayo Nduna Songea Mbano alinyongwa kwa ajili yake mwaka 1906. Lakini mada ya leo ni beki wa kushoto wa moja ya klabu hizo mbili za Kariakoo. Jana ilikuwa yeye, na kesho kila dalili inaonyesha atakuwa yeye.

Wengi hapa huiita hali hii dharau ya Dar es Salaam. Uchungu huo ninao pia, lakini nikikifungua kipindi chenyewe kipande kwa kipande naona kisa kingine. Kipindi cha mjadala wa michezo kimeundwa kwa namna ambayo Majimaji haina mlango wa kuingilia, hata mtangazaji angekuwa mzaliwa wa Ruhuwiko.

Haikuwa hivi enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam. Wakati ule kazi kubwa ya redio kwenye michezo ilikuwa kutangaza mechi yenyewe, na mtangazaji alikuwa macho ya mtu aliyekaa gizani na redio ya mkulima. Ahmed Jongo na Charles Hilary waliifanya kazi hiyo kwa ufundi ambao hadi leo sijauona ukipitwa. Kwanza uwanja ulichorwa: timu ipi inatoka kushoto kwenda kulia mwa redio yako, goli lipi liko kaskazini, lipi kusini. Baada ya hapo kila pasi ilikuwa na mahali pake. Matokeo yalirudiwa mara kwa mara kwa ajili ya aliyechelewa kuwasha, na sauti ilipanda kabla ya shuti, hivyo msikilizaji alisimama kabla hajajua kwa nini. Ufundi huo hauchagui klabu. Krosi iliyopigwa Songea inaelezwa kwa maneno yale yale ya krosi iliyopigwa Uwanja wa Taifa, na mtu wa Kigoma anaiona sawasawa. Mawimbi nayo, ya masafa ya kati na mafupi, yalivuka milima na kuifikia nchi nzima kwa sauti moja. Wanalizombe, yaani Majimaji, walijulikana Tanga na Bukoba kwa njia hiyo, na watu ambao hawakuwahi kukanyaga Ruvuma waliwajua wachezaji wake kwa majina.

Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua milango kwa vituo binafsi. Radio One ilianza 1994, Clouds FM ikafuata mwishoni mwa muongo huo, baadaye EFM, kisha Wasafi FM mwaka 2019. Hapo ndipo mezani pa studio palipoanza kuushinda uwanja. Kutangaza mechi kunataka safari, mitambo, nafasi uwanjani na, siku hizi, haki za kulipia. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa televisheni wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, na haki za redio zikaenda TBC. Kujadili mechi, kwa upande mwingine, kunataka meza, maikrofoni nne, simu na watu wenye ulimi. Sports Extra ya Clouds, Sports HQ ya EFM na Sports Arena ya Wasafi vimejengwa juu ya hesabu hiyo, na majina kama Shaffih Dauda, Maulid Kitenge, Edo Kumwembe na George Ambangile yamekuwa makubwa kuliko majina ya wachezaji wengi wa Ligi Kuu.

Kila kitu kwenye kipindi cha namna hii kinaanzia kwenye swali. Mtangazaji anafungua kwa vichwa vya habari na magazeti, kisha anaiweka mada ya siku kabla ya tangazo la kwanza la biashara, ili tangazo likipita usibadilishe kituo. Swali hilo huchaguliwa kwa uangalifu kuliko msikilizaji anavyodhani. Lazima liweze kujibiwa na mtu ambaye hakuiona mechi. Lazima liwe na pande mbili zenye uzito unaokaribiana. Na zaidi ya yote, lisimalizwe na ushahidi. Ukiuliza kama mfungaji aliotea, picha ya marudio inakumalizia kipindi ndani ya dakika mbili. Ukiuliza kama kocha aongezewe muda, una saa nzima, una kesho, na akifukuzwa una wiki.

Mezani kila mtu ana nafasi yake. Kiongozi anauliza, anagawa zamu na kuzima moto ukizidi. Mchambuzi wa ufundi, kwa mtindo wa Ambangile, anaeleza timu inavyojipanga ikiwa na mpira na ikiwa haina. Yupo wa kumbukumbu, anayejua nani alifunga mwaka gani. Na yupo mchokozi, anayesema lile ambalo mashabiki wa upande mmoja hawatalivumilia. Huyu wa mwisho ndiye anayepigisha simu, maana mtu aliyekubaliana na studio hanyanyui simu yake. Mtayarishaji aliyeko upande wa pili wa kioo anapokea, anauliza jina na unapopigia, na akiwa hodari anasikiliza pumzi: aliyepandwa na hasira na anayejieleza kwa ufupi hutangulia. Hupewa chini ya dakika moja, kisha kiongozi anamrudishia mchokozi mpira, na duara linazunguka.

Kati ya simu huchomekwa sauti ya mtu wa klabu, na hapa Simba na Yanga zimeisaidia redio kupita kiasi. Zimetengeneza wasemaji ambao maneno yao yenyewe ni mada. Msemaji Haji Manara alipohama kutoka Simba kwenda Yanga Agosti 2021, hakukuwa na mpira uliopigwa, lakini studio zilipata chakula cha siku nyingi. Wasemaji waliofuata, Ahmed Ally na Ali Kamwe, wameirithi kazi hiyo na wanajua vizuri sentensi ipi itakatwa na kurudiwa asubuhi.

Sasa pitisha Majimaji kwenye mashine hii. Mpigaji wa Kigoma hamjui beki wake, kwa hiyo hana cha kubishia. Hakuna upande wa pili: nani nchini anaamka akiwa na kinyongo na Majimaji? Hakuna msemaji ambaye sauti yake inajulikana Morogoro. Mdhamini, ambaye mara nyingi siku hizi ni kampuni ya kubashiri, anataka jina lililo kwenye mkeka wa kila mtu. Klabu iliporudi Ligi Kuu msimu wa 2015/16, na hata ilipokuwa chini ya kocha Kally Ongala, mtoto wa mwanamuziki Remmy Ongala, iliingia kwenye mada kama mpinzani tu: je, wakubwa watatoka na pointi Songea? Iliposhuka mwaka 2018 pamoja na Njombe Mji, hata nafasi hiyo ikapotea. Tukilalamika kwa watangazaji wa Dar es Salaam tunawaomba waweke mada ambayo simu hazitaingia, na mtangazaji asiyepigiwa simu hadumu kazini.

Kuna mahali pengine duniani palipokuwa na tatizo la aina hii. Jimbo la Alabama, Marekani, halina timu hata moja katika ligi kubwa ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani. Lina vyuo vikuu viwili vikubwa katika mchezo huo, Alabama na Auburn, ambavyo timu zao huchezewa na wanafunzi, na uwanja wa Chuo Kikuu cha Alabama huingiza watu zaidi ya laki moja. Paul Finebaum, mwandishi wa magazeti wa mji wa Birmingham, alijenga kipindi cha redio juu ya mpira huo wa wanafunzi, na mwaka 2014 kikachukuliwa na televisheni ya SEC Network na kwenda nchi nzima.

Alichofanya ni kuwapandisha wapigaji simu wakawa wahusika wakuu. Wanajulikana kwa jina moja na mji wao, wanarudi mwaka hadi mwaka, wanazozana wao kwa wao, na yeye mwenyewe huongea kidogo na kwa upole. Jambo la pili nalithamini zaidi. Msimu wa kawaida wa vyuo una mechi kama 12, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, hivyo sehemu kubwa ya mwaka haina mpira. Wakati huo wote hujazwa na usajili: kijana gani wa sekondari, wa mji gani, atachagua chuo kipi. Mjadala unaanzia shuleni kwa mtoto, na kila mji mdogo una sababu ya kusikiliza kwa kuwa kijana wake anatajwa.

Njia hiyo ya kumkuza mpigaji ina hatari yake, na Alabama waliiona. Januari 2011, miezi miwili baada ya Auburn kuifunga Alabama 28 kwa 27, mtu aliyejiita Al wa Dadeville alipiga simu kwa Finebaum na kutamba kwamba ametia sumu miti mikongwe ya mialoni ambapo watu wa Auburn walikuwa wakikusanyika kushangilia ushindi. Ilikuwa kweli. Jina lake lilikuwa Harvey Updyke, alifungwa, na miti ilikatwa mwaka 2013. Ukimfanya mpigaji kuwa nyota, wapo watakaotafuta unyota kwa lolote. Mitambo ya studio inaweza kuchelewesha sauti kwa sekunde chache na tusi likakatwa, ila kinachohitajika zaidi ni kiongozi anayejua lini ubishi umegeuka chuki.

Songea ina vituo vyake. Jogoo FM na Selous FM vipo hapa hapa, na Radio Maria Tanzania ilianzia katika mji huu mwaka 1996, kwa hiyo ufundi wa redio si mgeni. Mawimbi ya FM hayaendi mbali na yanazuiwa na vilima, ndiyo maana vituo vya Dar es Salaam husimika mitambo mkoa kwa mkoa. Kwa kituo cha Songea ufupi huo ni mtaji. Kila anayekusikia anajua kiwanja cha Matogoro kikoje wakati wa masika, anaijua shule ya Songea Boys, anajua tofauti ya mtu wa Bombambili na mtu wa Msamala. Lile sharti la swali zuri, kwamba kila msikilizaji aweze kulijibu, hapa linatimia kwa wachezaji ambao Dar es Salaam haijawahi kuwasikia.

Tena usajili wetu upo tayari, ila hautangazwi kwa namna hiyo. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, huanzia shuleni, hupanda hadi halmashauri, kisha mkoa, kisha taifa. Ruvuma ina halmashauri 8: Manispaa ya Songea, Songea Vijijini, Madaba, Mji wa Mbinga, Mbinga Vijijini, Nyasa, Namtumbo na Tunduru. Kila moja inapeleka vijana, kikosi kimoja cha mkoa kinabaki, na wengi wanaachwa. Ndani ya mchujo huo mna kila kitu ambacho kipindi kinahitaji: pande zenye wivu wa kweli, maamuzi ya kocha yanayoweza kubishaniwa, na swali lisilomalizwa na ushahidi. Leo tunachosikia ni taarifa ya dakika mbili yenye jina la mgeni rasmi na nasaha zake. Mfungaji hatajwi.

Mchokozi wa mezani atalazimika kubadilika. Mchezaji wa Ligi Kuu analipwa na amezoea kusemwa. Kijana wa miaka 16 anarudi darasani kesho yake. Simu ya kumponda mtoto isipite, na maneno makali yaelekezwe kwa watu wazima, yaani makocha, waamuzi, maofisa michezo na waliokiacha kiwanja bila nyavu. Wanafunzi wa vyuo vya ualimu wanaweza kupewa kiti cha uchambuzi, kwa kuwa wengi wao ndio watakaofundisha timu hizo miaka michache ijayo. Siku ya fainali ya mkoa ingefaa irudishwe kazi ya akina Jongo: mtu mmoja pembeni ya uwanja, simu yenye chaji, kushoto na kulia mwa redio yako.

Majimaji ingepata mlango wake humo humo. Kipindi kikimfuatilia kijana tangu Mbinga kidato cha pili, siku akivaa jezi ya Wanalizombe atakuwa na wabishi wake tayari, wanaojua mguu wake wenye nguvu na mechi aliyowahi kuharibu. Michezo ya shule hushika kasi Mei na Juni, hivyo Aprili ndio mwezi wa kuanza, na swali la kwanza lisiwe gumu: kati ya Nyasa na Tunduru, nani atoe kipa wa mkoa? Simu za wenyeji wa Mbamba Bay, Nyasa, zitaingia kabla tangazo la kwanza halijaisha.