Nane iliingia, na mweupe nao

Nane nyeusi ilikuwa kwenye mstari wa kati wa meza ya pool, imepita katikati kidogo. Nilipiga kutoka upande wa pili, karibu moja kwa moja, nikailenga nusu mpira: kitovu cha mpira mweupe kikaelekezwa kwenye ukingo wa nane. Nane ikaingia kona ya kushoto. Mweupe nao ukatembea taratibu, bila haraka yoyote, ukatumbukia kona ya kulia. Watazamaji wakadai nimezidisha nguvu. Wapi! Nilipiga polepole, na hapo ndipo kosa lilipokuwa.

Mweupe ukifika kwenye shabaha unateleza tu, haujizungushi, unaachana na njia ya mpira uliogongwa kwa nyuzi 90 hivi. Lakini ukipigwa polepole hupata muda wa kuanza kubiringika, na mzunguko ule haupotei kwa kugongana. Baada ya kugusa, mweupe huanza na njia ileile ya nyuzi 90, kisha mzunguko unakishika kitambaa na kuupinda mbele, hadi utulie kama nyuzi 30 kutoka mstari uliokuja nao.

Linaloshangaza ni jinsi nyuzi hizo zisivyobadilika sana. Gonga robo mpira au robo tatu, utapata kama 27. Gonga nusu, zinapanda hadi karibu 34. Nane yangu ilikwenda nyuzi 30 kushoto, mweupe 34 kulia. Kona mbili, mipira miwili. Ni kama niliulenga mwenyewe.

David Alciatore, aliyefundisha uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, amewazoesha wachezaji kupima kwa vidole: tanua cha shahada na cha kati, kimoja kifuate mstari wa kupigia, kingine kitakuonyesha mweupe unakoelekea. Ningefanya hivyo, ningeliona shimo mapema.

Na nguvu je? Kwa mpira unaobiringika, nguvu huchelewesha tu kupinda. Mweupe unakwenda mbali zaidi kwenye njia ya kwanza kabla ya kugeuka. Mkunjo huo Mfaransa Coriolis, yuleyule wa mambo ya upepo na mzunguko wa dunia, aliukokotoa katika kitabu chake cha biliadi cha mwaka 1835.

Dawa ilikuwa kupiga chini kidogo ya kitovu. Mweupe ungeondoka ukizunguka kinyumenyume, kitambaa kingeula mzunguko huo njiani, na ungefika kwa nane ukiwa unateleza tu. Hapo ungetoka nyuzi 60 kulia, ukagonga ukingo wa pembeni mbali kabisa na kona. Ugumu ni kipimo: umbali ukiongezeka, shusha ncha ya fimbo zaidi au ongeza nguvu, la sivyo utaanza kubiringika kabla ya kufika.

Hesabu hii yote inadai mipira yenye uzito sawa. Kwenye baadhi ya meza za sarafu mweupe ni mzito kuliko mingine, ili mashine iutambue na kuurudisha, na mpira mzito husonga mbele hata unapoteleza. Kabla ya kuweka dau, panga mweupe na mpira mwingine karibu karibu, piga moja kwa moja katikati ya mweupe, kwa nguvu. Mweupe usiposimama palepale, nyuzi 90 zako punguza.